Siku Tatu za Mvua Lisbon, na Jina la Kwetu Chini ya Dhahabu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimejiahidi kwamba siku nitakayofika Lisbon, jambo la kwanza nitakalolifanya, kabla ya kula na kabla ya kupanda kilima chochote, ni kwenda kuitazama dhahabu ya Kilwa. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko. Tulipokuwa shule ya msingi tulivushwa kwa mashua kwenda Kisiwani kuonyeshwa magofu, tukaambiwa kwamba Wareno walikuja, wakachukua mali, wakaondoka. Hatukuambiwa kwamba kitu kimojawapo kilichotokana na mali hiyo bado kipo, kimewekwa ndani ya kabati la kioo, na kwamba mtu yeyote mwenye nauli na kiingilio anaweza kwenda kukitazama.

Nafasi ilipatikana mwezi wa Novemba. Tulikuwa watatu, wanawake watupu, tuliojuana masomoni Ujerumani: mimi, mwenzetu wa Mombasa ambaye ni mhasibu, na mwenzetu wa Unguja ambaye hana habari na historia lakini safari haimpiti. Wote wawili wamekataa majina yao yasiandikwe, kwa hiyo nitawaita Mmombasa na Muunguja. Tiketi za ndege zilikuwa rahisi mno na hatukujiuliza kwa nini; sababu tulikutana nayo Jumapili usiku, mlangoni mwa uwanja wa ndege, ikinyesha.

Sisi tuliokulia pwani tunadhani tunaijua mvua. Masika ya kwetu hushuka kutoka juu, hupiga bati, hujaza mitaro, kisha hupumzika na jua likatoka. Mvua ya Lisbon hutoka baharini, kwenye Atlantiki, huku ikisukumwa na upepo, na humjia mtu kwa ubavu. Mwavuli nilioununua barabarani Jumatatu asubuhi haukumaliza dakika kumi kabla ya kupinduka na kubaki njiti tupu, nikautia katika pipa la taka ambamo tayari mlikuwa na miavuli mingine minne ya rangi ile ile.

Husemwa kwamba Lisbon umejengwa juu ya vilima saba. Sisi hatukuvihesabu, ingawa magoti yetu, nadhani, yalivihesabu. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya mraba, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kimoja kimoja kwa nakshi zinazomkumbusha mtu mkeka wa rangi, na kwa hakika ni kazi nzuri kuitazama. Tatizo ni kwamba vimesuguliwa na nyayo za watu miaka na miaka mpaka vimekuwa laini kama kigae, na vikilowa ni utelezi mtupu. Muunguja aliteleza kwenye mteremko wa kwanza, akaketi chini taratibu kama mtu aliyekaribishwa mkekani, na pale pale akatokea bibi mmoja wa makamo aliyebeba kikapu, akamwinua kwa kiwiko, kisha akatuonyesha kwa vitendo namna ya kushuka: mkono mmoja ukutani, mguu uwekwe kwa upande, hatua fupi. Tulitembea hivyo siku zote zilizobaki.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale yako katika mtaa uitwao Janelas Verdes, yaani madirisha ya kijani. Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alituelekeza kwa Kireno na kwa mikono, na katika maelezo yake nililidaka neno moja, igreja, kwa kuwa tulitakiwa kukata kona penye kanisa. Neno hilo hutajwa kuwa ndilo lililotuzalia neno gereza, nalo Kisiwani ndilo jina la ngome iliyo ufukweni. Nilitembea nikiwaza ni vipi neno la nyumba ya ibada lilivyogeuka njiani likawa la nyumba ya kufungia watu, na katika kuwaza huko sikukumbuka kuangalia jambo dogo: Jumatatu makumbusho hayo hayafunguliwi. Tulisimama mbele ya mlango uliofungwa, maji yakitutiririka shingoni. Mmombasa alinitazama kwa muda mrefu.

“Dada, si wewe ndiye mwenye dhahabu? Hukuachiwa ufunguo?”

Kosa lilikuwa langu na nililibeba. Ili kulifidia niliwapeleka kwenye Kanisa la Carmo, lililo juu katikati ya mji. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wengi wakiwa makanisani, tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji huu, likafuatiwa na mawimbi ya bahari na baadaye moto. Bonde la katikati lilijengwa upya chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, kwa barabara zilizonyooka, na pale tu ndipo miguu yetu ilipopata raha. Carmo halikuezekwa tena hadi leo. Nguzo zimesimama, matao yamepita angani kama mbavu za jahazi lililo chelezoni kabla ya kupigwa mbao, na katikati ya matao hayo mvua ilikuwa ikinyesha ndani ya kanisa bila kizuizi, ikiangukia nyasi. Wageni wengine walikimbilia vyumba vya nyuma vyenye paa. Mimi nilibaki pale kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuiona mvua ya namna hiyo. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, sehemu ambazo kuba zake zimeanguka, maji huingia vivyo hivyo katikati ya nguzo, na sauti yake ni ile ile, ya maji yanayogonga jiwe mahali palipokusudiwa pawe pakavu.

Jioni tulipanda tramu ya namba 28, ile ya manjano ambayo kila mgeni huambiwa aipande, lakini vioo vilikuwa vimejaa ukungu wa pumzi zetu na tuliona zaidi mikoba ya watu kuliko mji. Tuliteremka Alfama, mtaa wa vichochoro na ngazi ulio chini ya ngome ya São Jorge. Mji huu ulikuwa mikononi mwa Waislamu kwa karne nne hivi, mpaka mwaka 1147 ulipotekwa na mfalme Afonso Henriques, na jina Alfama limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi za maji moto au mahali pa kuogea. Nilipomweleza hivyo, Muunguja, ambaye tangu asubuhi alikuwa amenuna, alichangamka. “Kumbe Hamamni!” akasema, akiutaja mtaa wa kwao wenye bafu za kale, na tangu hapo akawa anavipita vichochoro vile kana kwamba yuko Mji Mkongwe, akitangulia mbele na kukata kona bila kuuliza. Alitupoteza mara mbili.

Kwenye pembe moja ya barabara kulikuwa na mzee akichoma njugu zao za Novemba ziitwazo castanhas, moshi mweupe ukipanda katikati ya manyunyu, naye akizifunga kwenye karatasi kama zifungwavyo karanga kwetu. Tulizila tukiwa tumesimama chini ya baraza ya duka, tukijichoma vidole. Chakula cha usiku kilikuwa samaki aina ya bacalhau, ambaye hukaushwa kwa chumvi na kurowekwa kabla ya kupikwa, na ambaye mtu yeyote aliyewahi kula ng'onda hahitaji kuelezwa. Supu yao ya majani, caldo verde, ni nzuri sana katika baridi, ila mwenye kujali na aulize kwanza, kwa maana huwekwa vipande vya soseji ya nguruwe. Tuliuliza, ikaletwa bila hivyo.

Tukio ninalolikumbuka zaidi la usiku ule lilitokea tuliporudi. Mmombasa alikuwa amejifunika leso yake kichwani kutwa nzima badala ya mwavuli, na aliianika juu ya chuma cha kupashia joto chumba. Mama mwenye nyumba aliingia kubadilisha mito iliyoloweshwa na nywele zetu, akaiona, akaishika pindo akiipenda rangi zake, akasema: “Lenço?” Mmombasa akajibu, kwa mshangao, “Naam, leso.” Mama yule akafikiri mgeni wake anajua Kireno. Akauinua mto na kuugusa mfuko wake: fronha. Foronya, tukasema sote kwa pamoja. Akaigonga meza: mesa. Basi ikawa mchezo. Bendera, kopo, kasha, mvinyo, limau, nanasi, kila tulichokitaja alikipokea kwa neno lake. Tulicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Jumanne tulichukua tramu ya namba 15 kwenda Belém, ufukweni mwa mto Tejo. Nyumba ya watawa ya Jerónimos ni kubwa na imechongwa kwa ustadi wa kustaajabisha, mawe yakifuma kamba na mafundo ya merikebu, na ujenzi wake uligharimiwa kwa kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Kaburi la Vasco da Gama liko karibu na mlango wa kanisa. Mmombasa alilizunguka mara moja. “Huyu kwetu hakukaa,” alisema kwa sauti ya chini. “Waliompa rubani ni watu wa Malindi.” Tulipotoka tulikula vile vikeki vya maziwa na mayai ambavyo hunyunyiziwa mdalasini, tukiwa tumelowa hadi soksi, kisha nikasema sasa twendeni.

Mlango ulikuwa wazi. Chombo chenyewe ni monstransi, yaani kile ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi, mkate wao mtakatifu, na ni kidogo kuliko nilivyokuwa nimekijenga akilini. Ni dhahabu yenye rangi za kuchomelea. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka kioo cha katikati, juu yao kuna vinara vyembamba kama miiba, na kwenye shingo ya kitako kuna duara za mfano wa dunia, alama ya mfalme Manuel wa Kwanza. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente. Lakini mimi nilikuwa nimefuata maandishi, nayo yako chini kabisa, yakizunguka ukingo wa kitako, kwa hiyo niliinama na kukizunguka kioo nikisoma herufi zilizobanana za Kireno cha zamani: kwamba mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Wameandika QILVA. Nililisoma mara tatu, kila mara nikianza upya upande wa pili.

Niliwaeleza wenzangu kwa kunong'ona. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu za vita, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa, na kiasi kinachotajwa ni mithkali 1,500. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikipitia bandari ya Sofala, na Kilwa ilitajirika kwa kuisimamia biashara hiyo. Malipo hayakuununulia mji amani, kwani mwaka 1505 jemadari wa Kireno Francisco de Almeida aliuteka na kujenga ngome, na mwaka huo huo akauchoma Mombasa. Mmombasa aliisikiliza habari hii akiwa ametoa simu na kufungua kikokotoo. Mithkali ni kama gramu nne na robo, alisema. Jumla inazidi kilo sita. Akakitazama chombo kile kwa jicho la kazi yake.

“Ikiwa hii ndiyo bidhaa, chenji iko wapi?”

Mlinzi aligeuka kutuangalia, tukanyamaza.

Nilizipiga picha herufi zile tano na kumtumia mama Kilwa Masoko. Alinipigia tulipokuwa tumejikinga kizingitini tukisubiri mvua ipungue, na nyuma ya sauti yake nilisikia mvua za kwanza za huko zikipiga bati, kwa hiyo ilitubidi sote wawili kupaza sauti. Hakuuliza habari za mfalme wala za mitume. Aliuliza kama kile kitu ni kizito. Nikamwambia hawaruhusu kukigusa.