Raba za propela za Mercedes ya ami

Gari ilikuwa Mercedes W124, 200E ya gia za mkono, mali ya ami yangu wa Fuoni. Ugonjwa wake ulisikika kabla haujaonekana. Ukitia gia ya kwanza na kuachia klachi, kishindo kimoja chini ya kiti cha nyuma. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, kishindo chengine. Ikifika kilomita 70 kwa saa sakafu ilitetemeka mpaka nyayo zikafa ganzi. Ami alikwisha kuambiwa kuwa difu, lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu, imekufa, atafute nyengine.

Difu inayokufa huvuma. Sauti yake hupanda na kushuka pamoja na mwendo, na mafuta yake ukiyamwaga huyakuta yana unga wa chuma. Kishindo kimoja kila nguvu ya injini inapogeuka ni habari nyengine: hapo pana kitu kilicholegea, kinachojigonga kila kikivutwa upande wa pili. Kwenye Mercedes za namna hii cha kwanza kutizamwa ni raba mbili za propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kutoka giaboksi hadi difu: moja nyuma ya giaboksi na moja mbele ya difu. Gari nyingi zenye propela zinazopita mikononi mwa mafundi wetu hapa Unguja zina jointi za msalaba, za chuma, kwenye ncha, kwa hiyo raba hizi husahauliwa, na mwenye gari hununua difu bure.

Raba yenyewe ni diski nene ya mpira yenye matundu 6, kila tundu lina bushi, yaani bomba fupi la chuma. Bolti 3 zinashika flenji (kipande cha chuma chenye miguu ya kufungia bolti) ya giaboksi au ya difu, na 3 zinashika flenji ya shafti, moja huku na moja kule. Ndani ya mpira mna nyuzi imara zilizozungushwa vitanzi, kutoka bushi moja hadi ya jirani yake. Nyuzi hizo ndizo zinazovuta gari. Mpira unazishikilia na kumeza mtikisiko. Ukienda mbele, vitanzi 3 vinavutwa na 3 vya baina yao havivutwi. Ukiachia mafuta au ukirudi rivasi, kazi inahamia kwa hivyo vyengine. Ndiyo sababu diski iliyochoka huwa na nyufa kipande kimoja, ikaruka kimoja, na mtu akitizama upande mmoja tu anaweza kuapa kuwa ni nzima.

Tuliinua gurudumu moja la nyuma na kuiweka gari juu ya stendi, kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, gia ikiwa frii na breki ya mkono imeachiwa. Kwa hali hiyo propela huzungushwa kwa mkono, na kila kipande cha diski huja mbele ya tochi. Nyufa nyembamba za juu juu, kama nywele, si hoja. Ufa unaotafutwa ni ule unaoanzia ukingoni mwa bushi na kuingia ndani. Hauonekani vizuri diski ikiwa haina mzigo, kwa hiyo tulitia gia ya kwanza, tukaingiza nondo kwenye flenji na kuisukuma shafti kidogo. Raba ya nyuma ilifunguka kama mdomo. Nyuzi zilionekana, mbili zimekatika. Ya mbele ilikuwa na ufa mmoja tu, lakini mpira wake umevimba na umelainika, unabonyea kwa kidole.

Kuvimba kule kulikuwa na maana. Mpira huu ukinyeshewa mafuta hunenepa na kuoza, na oili sili ya nyuma ya giaboksi, ile ringi ya kuzuia mafuta yasitoke, ilikuwa inavuja polepole, inarusha mafuta moja kwa moja kwenye diski. Kutia raba mpya bila ya kubadilisha sili ni kuitupa. Ya nyuma ilikuwa na sababu yake pia: senta beringi, ile inayoshika propela katikati, mpira wake umeachana na chuma chake na shafti imeshuka. Diski hizi zimetengenezwa kupinda kwa pembe ndogo sana. Propela ikishuka katikati, au mauntingi, ile mipira inayobeba injini na giaboksi, zikilala, diski hupindwa kila mzunguko, nayo hupata joto na kupasuka. Mimi huwa sikubali kazi ya raba peke yake mpaka nimeuliza nini kimeiua ya mwanzo. Na raba ikikatika kabisa gari ikiwa kwenye mwendo, shafti hupiga sakafu na ekzosi na kila kilichopita karibu yake. Si kitu cha kuahirisha.

Orodha ya vitu ilikuwa hii: raba 2, bolti 12 mpya na nati zake za kujibana, senta beringi pamoja na mpira wake, oili sili ya giaboksi, bushi 2 za katikati za ncha za shafti pamoja na vifuniko vyake vya mpira, na mauntingi ya giaboksi. Bolti na nati watu huzirudisha za zamani. Nati ya kujibana ikishafunguliwa mara moja haibani tena kama mwanzo, na hapa inashika kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika chini ya miguu ya abiria.

Vitu viliagizwa Dar es Salaam, vikaja na boti. Kulikuwa na raba za bei mbili. Ami alizishika zote mkononi. Ile rahisi ilikuwa nyepesi, bushi zake zinachezacheza kwenye mpira, na haina maandishi yoyote ya mtengenezaji wala tarehe. Nyengine ilikuwa ya SGF, kampuni ya Waldkraiburg, Ujerumani, ambayo kazi yake hasa ni diski hizi. Bei ilikuwa mara kadhaa ya mwenzake.

"Hii nyepesi itafika wapi?" aliuliza.

"Ami, hiyo itakurudisha uvunguni kabla ya masika mengine."

Akachukua ya SGF. Nilifurahi, kwani kazi ya kuifikia raba ni kubwa kuliko raba yenyewe.

Usiku wa kuamkia kazi, kila nati ilipigwa brashi ya waya na kutiwa mafuta ya kulegeza kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma; bolti za ekzosi na za bati la kukinga joto ndizo zinazokatika, si za propela. Asubuhi tuliiweka gari juu ya stendi 4. Uwanja ni mchanga, na stendi ya miguu myembamba huzama mchangani kidogo kidogo bila ya kelele, kwa hiyo chini ya kila moja tulilaza ubao mpana na mnene. Jeki iliachwa mahali pake kama mlinzi wa pili. Tuliitikisa gari kwa nguvu kabla mtu hajaingia chini yake.

Ekzosi inashuka kwanza. Kibano chake cha kwenye giaboksi kinafunguliwa, kisha raba za kuning'inizia za nyuma, nayo inafungwa kwa kamba isining'inie kwa uzito wake. Halafu bati la kukinga joto, bolti ndogo za namba 10. Mbili zilikatika, kama ilivyotarajiwa. Sasa propela yote iko wazi.

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Kabla ya kufungua chochote, alama zilipigwa kwa tindo: kwenye flenji ya giaboksi na ncha ya shafti, kwenye difu na ncha yake, na pale vipande viwili vya shafti vinapoingiliana kwa meno. Propela hii imesawazishwa kiwandani ikiwa nzima. Ukiirudisha jino moja pembeni, jointi ya msalaba ya katikati haikai ilivyokaa, na mtetemo mpya utakaoupata hutajua umetoka wapi. Rangi ya chaki au kalamu haitoshi, maana grisi inaifuta.

Karibu na senta beringi pana nati kubwa inayobana yale meno. Inataka spana ya 41 na ya 46, moja ishike na moja igeuze. Spana hizo si za kila gereji. Tuliziazima kwa fundi wa mashine za boti wa Malindi ya hapa Unguja. Wapo wanaotumia spana ya mabomba, wakatafuna kingo za nati, na atakayekuja baada yao akalazimika kuikata. Nati ililegezwa mizunguko michache tu, shafti ipate kurefuka na kufupika.

Tulifungua bolti 3 za upande wa giaboksi na 3 za upande wa difu, na raba zikabaki kwenye shafti. Kichwa kinashikwa kwa ringi spana, nati inageuzwa. Gari ile ilikuwa na za 17. Nyengine zina za 16, kwa hiyo ni vizuri kuwa nazo zote. Propela ilizungushwa kwa gurudumu kila bolti ije chini, kisha gia na breki ya mkono zikaishika. Bolti 2 za senta beringi zikatoka mwisho, mtu mmoja akiibeba shafti kwa mikono miwili. Ilisukumwa ikafupika, ikachomoka kwenye pini za katikati za flenji, ikateremka.

Kwenye jiliwa mambo yalikuwa mepesi. Vipande viwili viliachanishwa, senta beringi ya zamani ikavutwa kwa pula na mpya ikaingizwa kwa kugonga ringi ya ndani tu kupitia bomba. Ukigonga ya nje umeiua kabla haijazunguka. Meno ya shafti yalisafishwa na kupakwa grisi.

Zile bushi za katikati ndizo watu wanazozipita. Flenji ya giaboksi na ya difu kila moja ina pini, na pini hiyo huingia kwenye bushi iliyo ndani ya ncha ya shafti. Raba inasukuma, lakini pini ndiyo inayoiweka shafti katikati. Bushi ikila, propela huzunguka nje ya mstari wake na raba mpya hufa kijana. Ya nyuma ilikuwa kavu, ina unga mwekundu wa kutu. Bushi mpya zilitiwa grisi kiasi. Ukijaza mpaka juu, pini ikiingia grisi haina pa kwenda, inasukuma kifuniko chake na kukitoa.

Raba zilifungwa kwanza kwenye shafti. Kama diski ina mishale, kila mshale uelekee mguu wa flenji unaoshika tundu lile. Ikiwekwa kinyume, vitanzi vinabeba mzigo visivyotengenezewa. Kisha kanuni ambayo sijaona sababu ya kuivunja: kichwa cha bolti kinatulia, nati ndiyo inayozunguka. Ukizungusha bolti ndani ya bushi unausokota mpira, nao unabaki umesokotwa hata baada ya kukaza. Bolti za milimita 10 zinakazwa kwa Nm 45, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, mzunguko wa kwanza nusu na wa pili kamili. Baadaye unatizama diski kwa ubavu. Ikiwa imenyooka ni sawa. Ikiwa ina mawimbi, fungua uanze tena.

Oili sili ilibadilishwa wakati flenji iko wazi, na mauntingi ya giaboksi palepale. Propela ikarudi alama kwa alama. Bolti za senta beringi zilishikwa kwa mkono tu, na ile nati kubwa ikaachwa wazi.

Kuziacha hivyo kulikuwa kwa makusudi. Gari ikiwa hewani, difu na giaboksi havijakaa mahali pake pa barabarani. Ukikaza hapo, gari ikishuka shafti inabaki imevutwa au imesukumwa, na raba zote mbili zinaishi zimepinda kwa urefu. Tulipanga mbao pana na ndefu chini ya kila gurudumu, tukaishusha gari ikasimama kwa uzito wake, stendi zikabaki chini yake bila ya kugusa. Gia frii, tukaisukuma mbele na nyuma, shubiri moja huku na moja kule, mara kadhaa, mpaka shafti ikajichagulia urefu wake. Kabari zikarudi. Ndipo bolti za senta beringi zikakazwa kwa Nm 25, na mwisho kabisa nati ya meno, baina ya Nm 30 na 40. Spana ya toki haifiki pale, kwa hiyo ilikuwa kwa mkono: spana ndefu, nguvu ya wastani, bila ya bomba la kuongezea. Nati hii ikikazwa kwa hasira haitelezi tena siku ya kufunguliwa.

Bati likarudi, ekzosi ikarudi na raba mpya za kuning'inizia. Tuliijaribu mpaka Kiembesamaki na kurudi. Kishindo cha kuachia klachi kilikuwa kimekwisha, na kilomita 70 ilipita bila ya sakafu kusema kitu. Kilobaki ni mtikiso mdogo gari ikisimama na injini inawaka, unaokoma ukiongeza mafuta kidogo. Hiyo si propela. Ni mauntingi za injini, na ami aliagiza mbili kwa boti ya siku ya pili yake.