Kansa ya wazungu ilivyomkuta Mzaramo

Mimi ni fundi cherehani, Mzaramo wa Kisarawe, na jicho langu la kushoto ni la bandia. Nakwambia mapema usije ukalitafuta huku unajifanya unachagua kitambaa.

Lilianza na vimulimuli. Nikishona jioni naona cheche pembeni, baadaye kikaja kivuli kama pazia lililovutwa nusu. Maumivu hakuna. Nikanunua miwani ya mtaani, wapi! Daktari wa macho alipopiga ultrasaundi, kwenye skrini kulikuwa na kitu kimeota ndani ya jicho, kina umbo la uyoga kabisa. Melanoma, yaani kansa ya chembe zinazolipa jicho rangi. Akanieleza kuwa hata huko Ulaya hupata watu watano au sita tu katika kila milioni kwa mwaka, hasa wazungu wenye macho ya buluu. Kwetu weusi ni nadra zaidi.

Nyumbani walilia. Shangazi alilia mpaka mimi mgonjwa ndiye niliyemchemshia chai. Aliyeniokoa ni jirani yangu Mnyamwezi, mtani wangu. Aliingia, akavuta kigoda: "Nasikia umeiba ugonjwa wa wazungu. Kuuza viwanja mkacheze ngoma hakujawatosha?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na katikati ya kicheko likanitoka neno ambalo shangazi sikuweza kumwambia: naogopa kufa.

Kuna kisahani cha mionzi kinachoshonwa juu ya jicho kwa siku chache, lakini uyoga wangu ulishakua mno. Jicho likatolewa. Asubuhi ile nesi alinichora mshale juu ya nyusi ya kushoto, nikamwomba upande wa kulia aandike "hili bado linatumika". Alikataa, ila daktari aliingia tayari anacheka.

Nilipozinduka, ujumbe wa kwanza kwenye simu ulikuwa wa mume wangu: "Kengeza wangu, umeamka?" Ukipenda, chongo utaita kengeza. Hapo ndipo nililia, kwa jicho lililobaki.

Kazini nilijua sitapata tabu, maana fundi gani hafumbi jicho moja akitunga uzi? Kumbe ukiwa nalo moja muda wote, umbali unapotea. Uzi unapita mbele ya tundu, unapita nyuma, sindano inakutazama tu. Chai nayo niliimimina kwenye sinia. Siku hizi naegemeza mkono mmoja juu ya mwingine, vidole vigusane kwanza, ndipo uzi unaingia. Na mdomo wa birika lazima uguse kikombe.

Jicho la bandia lilikuja baada ya kidonda kupona, limepakwa rangi kufuata mwenzake. Mtani alilikagua kama mnunuzi wa mbuzi. "Hili ndilo zuri. Mbona hawakukupa mawili?"

Kila miezi sita napimwa ini, kwa sababu kansa hii ikisambaa hupenda kwenda huko. Usiku wa kuamkia kipimo, utani hauingii. Sijaribu hata. Mtani analijua hilo: huja na karanga za kukaanga, tunatazama taarifa ya habari, anaondoka bila neno.

Mara ya mwisho nilimwandikia nikiwa bado kwenye korido ya hospitali: "Ini safi."

Akajibu papo hapo: "Na sanda niliyokwisha nunua, nani ananirudishia hela?"