Nilivyokagua umeme wa nyumba ya zamani kabla ya kuinunua

Karibu na maegesho ya nyumba niliyokusudia kuinunua palikuwa na soketi ukutani, na mwenye nyumba alinihakikishia kwa nia njema kwamba gari langu la umeme lingechajiwa hapo bila tabu yoyote. Soketi hiyo, ikitumika kwa ampea 10 katika volti 230, hutoa kilowati 2.3 tu, kwa hiyo betri ya kilowati-saa 60 iliyokwisha kabisa ingehitaji zaidi ya saa 26 kujaa, ilhali chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati 7.4 na huikamilisha kazi hiyo usiku mmoja. Zaidi ya hayo, birika la umeme huchemka kwa dakika chache likazimwa, lakini gari huvuta umeme kwa saa nyingi mfululizo, na kiungo cha waya kilicholegea, ambacho kimevumilia birika kwa miaka, kinaweza kuungua kikibebeshwa mzigo huo.

Kwa sababu hiyo nilirudi na fundi umeme kabla ya kusaini chochote. Hakuanzia kwenye soketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mita, akakuta fyuzi kuu ni ya ampea 60. Hita ya maji ya kuogea peke yake, yenye kilowati 8, huchukua ampea 35 hivi, na ukiongeza 32 za chaja umekwisha kuvuka kiwango kabla hujawasha jiko. Zipo chaja zinazopima matumizi ya nyumba nzima na kujipunguza zenyewe, nazo ninazipenda, ila haziponyi nyaya zilizochakaa.

Kilichonitia hofu zaidi ni erthi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Waya wake ulikuwa umefungwa kwenye bomba la maji la chuma, kama ilivyokuwa desturi zamani, na baadaye sehemu ya bomba hilo ilibadilishwa ikawekwa ya plastiki, hivyo erthi ikabaki jina tu bila mtu yeyote kugundua. Chaja nyingi hukataa kufanya kazi zikikosa erthi, na zinafanya vyema, kwa kuwa mtu hulishika gari akiwa amesimama juu ya ardhi yenye unyevu. Ubao wenyewe wa kugawa umeme nyumbani ulikuwa na fyuzi za kauri, bila kifaa cha kukata umeme unaovuja wala nafasi ya laini ya pekee ya chaja.

Kutoka kwenye ubao hadi maegesho ni mita 28, umbali ambao fundi aliupendekezea waya wa milimita 10 za mraba badala ya 6, ili volti zisipungue njiani.

Niliyaandika yote hayo, nikamwomba muuzaji apunguze bei kwa kiasi cha gharama ya ubao mpya, erthi na mtaro wa waya, naye akakubali baada ya kuonyeshwa vipimo. Mkataba niliusaini pale tu kampuni ya umeme iliponijibu kwa maandishi kwamba laini inayotoka barabarani inaweza kupandishwa hadi ampea 100.