Mvinyo wa Bonde la Ahr Shambani Tongoni

Marehemu mjomba wangu alikuwa mgema huko Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, na mengi ninayoyajua kuhusu mvinyo mwekundu wa nchi za baridi niliyasikia yakielezwa mbele yake, chini ya mnazi aliokuwa ametoka kuugema. Wakati huo nilikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Raskazoni. Mgeni wetu mmoja, mama wa makamo kutoka Ujerumani ambaye ukoo wake hulima zabibu katika bonde la mto Ahr, alisikia kwamba kwetu kuna kinywaji kinachoanza kuchacha kikiwa bado juu mtini, akaniomba nimpeleke akakione. Alichukua chupa moja ya mvinyo wa kwao, akisema si vizuri kwenda mikono mitupu kwa mtu wa kazi yake.

Mjomba alimkaribisha mkekani, kotama ikiwa bado mkononi, akamweleza jinsi anavyolifunga karara lisifunguke na kulikata ncha kidogo kidogo, asubuhi na jioni, ili maji yake yasikome kudondoka kibuyuni. Mgeni akauliza hamira anaitia saa ngapi. Mjomba akamjibu kwamba haitiwi na mtu, imo kibuyuni na hewani, na ndiyo maana tembo la alfajiri huwa tamu, la jioni huwa kali, na la kesho yake linaelekea kuwa siki. Nilipomaliza kutafsiri, mama yule alifurahi waziwazi, akasema hata kwao wapo wanaoiachia kazi hiyo hamira iliyo kwenye maganda ya zabibu na katika ghala, ingawa wengine hununua ya dukani. Kisha akaligusa dumu la mjomba, ambalo kifuniko chake kilikuwa kimelegezwa. Kwao, wakati wa mavuno, huuzwa mvinyo mchanga ambao bado unachacha, uitwao Federweißer, nao chupa zake hazifungwi kwa kukazwa, kwa sababu gesi ingezipasua.

Ikawa zamu yake kueleza. Ahr ni mto mdogo unaoingia Rhine kusini ya Bonn, kaskazini kuliko mahali pengi duniani panapolimwa zabibu nyekundu. Miteremko yake ni mikali, imejengewa kuta za mawe ili udongo usiporomoke, na sehemu nyingi haziwezi kulimwa ila kwa mikono. Mwamba wake ni wa sleti nyeusi, ambayo hunyonya joto la jua mchana na kulitoa usiku, na bila joto hilo zabibu nyingi zisingeiva. (Bonde hilo ndilo lililopatwa na mafuriko ya Julai 2021, yaliyoua watu zaidi ya 130 na kusomba mapipa na mashine za wakulima, chupa zilizookolewa ziliuzwa zikiwa na matope yake ili kusaidia kuwainua tena. Niliposoma habari hizo nilishikwa na huzuni kama ya msiba wa jirani.)

Zabibu yenyewe huitwa Spätburgunder, na Wafaransa huiita Pinot Noir. Kwa maelezo yake ni mmea wa kumkosesha mkulima usingizi. Huchipua mapema, kwa hiyo sakitu, yaani umande ulioganda, ya majira ya kuchipua huweza kuua machipukizi kwa usiku mmoja. Ganda lake ni jembamba na tembe zake hubanana kichalani, hata mvua ikinyesha karibu na mavuno, ukungu wa kuozesha huingia katikati. Kwa hiyo wakulima hupunguza majani yanayokizunguka kichala ili upepo upite, na vichala vingine hukatwa na kutupwa vikiwa bado vibichi ili vinavyobaki viive barabara. Hapo mjomba alishtuka, akauliza ni nani anayekata tunda lake mwenyewe. Mama akajibu kwamba mzabibu uliobebeshwa matunda mengi katika nchi ya baridi hauivishi hata moja inavyostahili.

Mimi niliuliza swali langu. Mvinyo mwekundu niliokuwa nikiuhudumia hotelini ulikuwa wa Dodoma, ambako mzabibu haupati majira ya baridi ya kuulaza na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Je, baridi inaongeza nini? Alisema penye joto kali sukari hupanda upesi na uchachu hushuka, lakini penye ubaridi tunda huiva polepole, likabaki na uchachu wake pamoja na harufu yake. Kwao mavuno ni mara moja tu, Septemba na Oktoba.

Maji ya zabibu hiyo karibu hayana rangi, kwa kuwa wekundu umo gandani. Ndiyo maana maganda huachwa yachache pamoja na maji yake kwa siku kadhaa, na kwa kuwa gesi huyapandisha juu, mtu huyashindilia chini kwa mti mara mbili au tatu kwa siku. Gesi hiyo hukaa chini ghalani na huweza kuua mtu, hivyo wazee wa kwao walishuka na mshumaa, na ukizimika walirudi juu. Baadaye hukamuliwa, mvinyo ukatiwa katika mapipa ya mwaloni, na humo bakteria huugeuza ukali unaofanana na wa tofaa bichi kuwa uchachu laini kama wa maziwa. Mwaka mzima hupita, wakati mwingine zaidi.

Tuliipoza chupa kwa barafu tuliyoinunua kwa wauza samaki, kwa kuwa alisisitiza usinywewe ukiwa na joto la Tanga. Rangi yake ilikuwa nyepesi, hata mwanga ulipenya. Nilipata harufu ya matunda mekundu na kitu kama udongo uliolowa, na ukakasi mdogo sana. Mjomba alionja mara ya pili, akasema ni mwembamba lakini hauondoki mdomoni, nami hadi leo sijapata maneno bora zaidi ya kuueleza.

Kisha akauliza kama mzabibu ule ungeota pale Tongoni. Mama yule hakumfariji kwa uongo. Ungeota, alisema, lakini unyevunyevu wa pwani ungeuletea ukungu, usingelala hata mwezi mmoja, na zabibu zake zingekuwa tamu bila uchachu. Mjomba akataja Lushoto, kwa vile kuna baridi. Mgeni akafikiri kidogo, akauliza mvua za huko hunyesha miezi gani, na hapo wakaanza mazungumzo mengine marefu yaliyotufikisha magharibi.