Siwezi

Jana nimemfanyia mtu kile kile nilichofanyiwa mimi, na tangu usiku kinanikereketa.

Tulikuwa Chake Chake, Pemba, kwenye mafunzo ya wanafunzi wa udaktari watakaojitolea endapo masika haya yatatuletea kipindupindu. Hakiji kila mwaka, lakini mawingu yakishafungamana hakuna wa kukunja mikono. Nilikuwa nawaonesha kuchanganya maji ya klorini: haya mepesi ya kunawia, haya makali ya sakafu na ndoo. Tulipomaliza, binti mmoja wa mwaka wa tatu akanifuata pembeni.

"Dada, mimi kesho siwezi."

Nikacheka. Nikamwambia, "Daktari akiwa hawezi, nani aweze?"

Wenzake waliosikia wakacheka. Na yeye akatabasamu, akachukua mkoba wake akaenda zake. Nilikuwa ndani ya daladala, narudi Wete, ndipo nilipotambua kuwa maneno yale hata si yangu.

Huku kwetu mtu akiumwa tunasema hawezi. "Bibi vipi leo?" "Hawezi." Akipata nafuu, hajambo kidogo. Wenzetu wa bara wakisikia husubiri tumalizie, hawezi nini? Hatumalizii. Sasa jaribu kuwa mwanafunzi wa udaktari, umevaa buti za mpira, ndani ya hema la wagonjwa, halafu useme siwezi.

Mimi nilijaribu, 2016. Maradhi yale yalikuwa yameanza mwaka uliotangulia, masika yalipoingia yakachachamaa. Nilikuwa nasoma Unguja, tukajiandikisha kwenda kusaidia kambini. Kazi yetu haikuwa ya kishujaa. Vitanda vya kipindupindu vina tundu katikati na ndoo chini, na mwanafunzi ndiye anayesoma ndoo: imejaa kiasi gani, saa ngapi, andika. Kilichotoka lazima kirudishwe, kwa dripu au kwa vikombe vya maji ya chumvi na sukari. Yanayotoka yanafanana na maji ya kuoshea mchele. Nilikaa miezi sipiki wali. Nilikuwa nikiosha mchele mara moja naumwaga na maji yake, nakula boflo.

Siku moja ililetwa shuka na watu wanne, ndani yake mvuvi kutoka kijijini. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki vile vile imesimama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua. Mtu mzima wa kilo 60 katika hali ile anataka lita 6 kwa saa tatu, na karibu lita 2 kati ya hizo ziingie nusu saa ya mwanzo. Hesabu niliijua kama Fatiha. Mshipa ndio sikuuona. Nilichoma mkono wa kulia, nikachoma wa kushoto, nikarudi wa kulia. Mwanawe amesimama kichwani anasema, "Taratibu dakta, taratibu," kwa adabu, kana kwamba mimi ndiye ninayeumia. Akaja muuguzi mmoja mtu mzima, akanisukuma kwa kiuno, akaupata mara moja.

Yule mzee hakufa. Siku ya tatu alitoka kwa miguu yake, akaniombea dua.

Na hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Ningefiwa na mgonjwa, ningekuwa na la kusema. Sasa mtu amepona, mimi usiku naota natafuta mshipa kwenye mkono wa mama yangu, naamka vidole vinabonyeza godoro. Nilikwenda kwa mkuu wa zamu nikamwambia siwezi. Akanijibu lile jibu. Wenzangu nao, ukiwauliza, wote fiti. Kusema zaidi ya hapo ni kutaka mtu aropoke Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, na jina lile kwa Mzanzibari ni tusi kabla halijawa hospitali, jambo ambalo linanikera hadi leo kwa sababu kuna watu wanatibiwa pale wanarudi makwao.

Niliporudi Pemba mapumziko, mama alinitazama mara moja akasema nimeingiliwa na shetani. Akaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, nikanywa. Sitoi fatwa. Ninachojua ni kuwa usiku ule mama alitandika mkeka chumbani kwangu akalala chini, na mimi nikalala mpaka alfajiri.

Kabla ya hapo, kambini, aliyenigusa alikuwa yule yule muuguzi. Alinikuta nyuma ya hema nanawa kwa mara ya sijui ngapi, mikono imechanika kwa klorini. Akafunga mfereji. "Mwanangu, kitanda chenyewe tumekitoboa tundu, uchafu upate pa kupitia. Wewe tundu lako liko wapi?" Kisha akajisikia alichosema, akajiziba mdomo kwa mtandio, tukacheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki. Hakuniambia nivumilie. Alinipangia zamu mbili za kukaa mlangoni na daftari la wanaoingia, na kila saa sita mchana alinikalisha jamvini tule pamoja, hata kama sitaki.

Hicho ndicho ningeweza kumpa yule binti jana, na hakina gharama. Badala yake nimempa kichekesho mbele ya wenzake.

Asubuhi nilimwandikia: "Hujambo?" Akajibu upesi, "Sijambo dada." Bila shaka. Nani kwetu akiulizwa hujambo akajibu vingine? Nikamwandikia tena: "Jana ulisema huwezi. Unaumwa, au kuna jingine? Lolote lile, nakusikiliza, na unisamehe."

Ameusoma, hajajibu. Kwao ni Mtambwe, si mbali. Nikishasali alasiri nitakwenda.