Swali likilala, sprinti imepungua

Timu ikiwa na watu Dar es Salaam, Bengaluru na New York, kinachokula muda ni kusubiriana. Mtengeneza programu wa Mikocheni akikwama saa 10 jioni, Bengaluru ni saa 12 na nusu na mwenzake ameshaondoka. Swali linalala. Kwenye sprinti (kipindi kifupi ambacho timu imejipangia kumaliza kazi fulani) ya siku 10 za kazi, maswali mawili ya namna hiyo yakifuatana yamekula moja ya tano.

Kwa hiyo pimeni vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuwachelewesha, kwa idadi ya siku. Kuvipaka rangi nyekundu na njano kwenye orodha hakumwambii mtu apunguze nini. Zidisheni uwezekano kwa siku zitakazopotea: kama uwezekano wa benki kuchelewesha muunganisho wa malipo ni asilimia 40, na ikichelewa mnapoteza siku 5, hizo ni siku 2. Jumlisheni orodha nzima. Ikifika siku 6 na mmebakiza nafasi ya siku 2, punguzeni kazi kabla sprinti haijaanza. Kila kihatarishi kiwe na mtu mmoja na siku ya kuamua: "Jumatano mchana benki ikiwa kimya, tunaendelea na majibu ya benki ya kuigiza." Bila siku hiyo, kila mji unadhani mji mwingine unafuatilia.

Saa nazo zinaponza. "Tukutane saa 4" kwa Mtanzania ni 10:00. Mwenzake wa ng'ambo anaweza kuielewa 16:00. Andikeni kwa saa 24, na jina la mji. Tena Tanzania haibadilishi saa. New York hubadilisha Machi na Novemba, na tofauti hucheza kati ya saa 7 na 8. Kikao cha 10:00 ya New York, ambacho Julai ni 17:00 Dar, Desemba ni 18:00, watu wako ndani ya mabasi ya mwendokasi wakirudi nyumbani.

Kwenye intaneti ndiko wengi wanakosea. Laini mbili za kampuni tofauti zinasaidia mnara ukizima, lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mitandao tofauti iliyumba kwa pamoja. Muulizeni mtoa huduma data yake inatoka nchini kwa waya upi. Kila kompyuta iwe na hifadhidata ya majaribio, ili kazi iendelee bila mtandao. Na tawi la msimbo, yaani nakala ambayo mtu anaifanyia kazi pembeni, lisikae zaidi ya siku mbili bila kuunganishwa na msimbo mkuu. Likikaa wiki, mtagundua mmechelewa kwamba Bengaluru walibadilisha jedwali lilelile.

Toleo jipya lisipangwe karibu na Idi: mwezi unaweza kuandama siku tofauti Dar na Bengaluru.