Kitinda mimba wa ishirini

Usingizi umenipaa. Nimetoka kusoma maisha ya Fannie Lou Hamer, mwanamke aliyepigania haki za Weusi wa Marekani, na kichwa kimekataa kutulia. Mimi ni kitinda mimba wa watoto tisa, nimezoea kuwatambia watu jinsi nyumba yetu ilivyojaa. Kumbe mwenzangu alikuwa wa ishirini! Alizaliwa Oktoba 6, 1917, Mississippi, Marekani. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la Mzungu kwa kugawana mavuno, mgawo uliowaacha na deni.

Alipokuwa na miaka sita, mwenye shamba alimkuta akicheza njiani, akamuuliza kama anaweza kuchuma ratili 30 za pamba kwa wiki. Akiweza, atapewa vitu vya dukani: samaki wa kopo, vitamutamu. Mtoto akachuma, akala vyake. Wiki iliyofuata akadaiwa ratili 60. Hapo niliinuka nikanywa maji. Mwanangu naye ana miaka sita, na juzi tumegombana kwa sababu ya kukunja shuka.

Kisha kuna mama yake. Mavuno yakiisha, alizunguka mashamba ya watu akiomba masalia ya pamba, halafu akawachukua wanawe kwenda kuyaokoteza kwenye baridi, miguu imeviringwa matambara kwa kukosa viatu. Mabua kwa mabua mpaka litimie robota moja. Kuna mwaka walijikwamua, wakanunua nyumbu watatu na ng'ombe. Mtu akawatilia wanyama hao sumu kwenye chakula. Wakarudi walikotoka. Kwetu wakubwa walipenda kusema watoto wengi ni mikono mingi. Ni kweli, ila hiyo mikono arobaini ilikuwa inamchumia nani?

Mama huyohuyo, katika dhiki hiyo, alimtafutia bintiye mwanasesere mweusi, ili ajipende alivyo. Alimpata wapi zama zile, sijui.

Mwaka 1961 Fannie Lou aliingia hospitali kuondolewa uvimbe, akatoka hana kizazi. Hakuulizwa. Binti wa mwanamke aliyezaa ishirini. Yeye na mumewe walilea watoto wa kuasili. Aya hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, ibaki hivyohivyo.

Agosti 31, 1962, akiwa na miaka 44, alipanda basi na wenzake 17 kwenda mji wa Indianola kujiandikisha kupiga kura. Wakati wa kurudi dereva alitozwa faini eti basi lina rangi ya njano kupita kiasi. (Nilicheka, kisha nikaona haya.) Siku hiyohiyo, kwa kosa la kutaka kupiga kura, akafukuzwa kwenye shamba alilolitumikia miaka 18. Kipigo alichopata jela mwaka 1963 na ushahidi wake wa 1964 kwenye televisheni vimesimuliwa sana, sivigusi.

Mimi nimeng'ang'ania nguruwe. Mwaka 1969 alianzisha shamba la ushirika, na familia maskini zikawa zinakopeshwa nguruwe jike. Akizaa, sehemu ya watoto inarudishwa ili jirani naye apate. Nikisoma hapo namwona mama yake kule kwenye mabua, ameinama.

Na wangu je? Namkumbuka akipakua sahani tisa, akikomba sufuria. Simkumbuki akila. Kukicha nitampigia simu nimuulize alikuwa anakula saa ngapi.